Kura ya Kifua katika Nchi ya Mtimani

"Hivi, shoga," jirani yangu Mwanamvua aliniuliza, "mtu ukimwona tu moyo ukamkubali, hata hajafungua mdomo, hiyo si dalili kutoka kwa Mungu?"

Tulikuwa tunachambua mchele barazani kwake, na huyo aliyemkusudia alikuwa akitutazama kutoka kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani mwa duka la mkabala, meno yote nje. Uchaguzi wa rais ulikuwa umekaribia. Nilimwambia maji yake yanachemka, akainuka kwenda jikoni. Kumjibu kungenilazimu kumweleza habari za nchi ya Mtimani, na habari hizo sijawahi kuzisimulia bila uso kuniwaka moto. Naona afadhali niziandike. Anayeandika hatazamwi usoni.

Nilikaa Mtimani msimu mmoja wa mpunga, katika nyumba ya Bi Mkejina, mjane kama mimi, aliyekuwa akiishi na kaka yake Pandu. Jinsi nilivyofika huko haina faida kwa msomaji. Faida imo katika nilichokikuta. Na nitangulize kusema kwamba watu wa Mtimani si wajinga, asije mtu akawacheka kabla ya wakati. Hawanunui samaki bila kumfunua mashavu. Hawamwozi binti mpaka wameuliza habari za bwana harusi kwa majirani zake, kwa mwalimu wake wa chuoni, na kwa mwenye duka anakonunua sigara. Akija fundi wa kuezeka, humtaka kwanza awaonyeshe nyumba aliyoiezeka mwaka uliopita, nao wakaingoja mvua. Lakini rais wao humchagua kwa mapigo ya moyo.

Namna yenyewe ni hii. Siku ya kura kila mtu huketishwa kwenye kigoda, na mtumishi wa serikali aitwaye Msikilizi humwekea kifuani pembe ya ng'ombe iliyotobolewa ncha, yeye akatega sikio upande wa pili. Kwa wanawake Msikilizi ni mwanamke, kwa hiyo kwenye stara sikuona kosa. Wagombea hupita mbele ya kigoda mmoja baada ya mwingine. Yule ambaye moyo wako utadunda zaidi wakati wake, ndiye uliyemchagua. Wewe hufungui mdomo. Ukitaja jina, kura imeharibika. Msikilizi ndiye anayelitaja kwa sauti, na karani akatia kokoto chunguni. Juu ya mlango wa ukumbi wameandika: KIFUA HAKISEMI UONGO.

Siku Bi Mkejina aliponipeleka kuandikishwa, nilimuuliza Msikilizi Mkuu, Bwana Mdungi, jambo lililonikaa rohoni. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, mwenye kanzu iliyopigwa pasi ikakaa kama ubao.

"Bwana, moyo unadunda kwa mapenzi, sawa. Lakini unadunda kwa hofu pia. Na kwa hasira. Na mtu akipanda ngazi. Mnatofautishaje?"

"Kudunda ni kudunda, mama."

"Hamuulizi sababu?"

"Sababu zinakaa kichwani," akasema. "Kazi yetu sisi inaishia shingoni."

Makarani wakacheka kidogo, kwa adabu. Kisha akanisomea sheria ya wageni. Mgeni aliyekwisha kulala na kula Mtimani hupimwa kama wenyeji, maana mgeni naye ana moyo. Ila maneno yake hayahesabiwi, wala maneno anayoyasikia hayamshiki, kwa kuwa nchi si yake. "Maneno ya mgeni ni upepo," ndivyo ilivyosema sheria. Nikaona ni sheria ya ajabu, inayohesabu kifua cha mtu na kuacha ulimi wake, lakini nyumba ya watu huingii ukapanga vyombo.

Mtu atauliza: je, wagombea hawasemi watakachofanya? Wanasema. Kila mgombea hulazimika kwenda Nyumba ya Maneno Baridi, nyuma ya soko la ndizi, akaeleza yote anayoyakusudia, na watu waitwao Wakariri wakayashika kwa kichwa. Mlango uko wazi mchana kutwa. Unaingia, unaketi mkekani, Mkariri anakutamkia. Wamefunzwa tangu utoto kuitamka habari ya njaa na habari ya harusi kwa sauti moja, wasipandishe wala wasishushe, ili msikilizaji asivutwe huku wala huku.

Ila anayeingia mle kabla ya kura huhesabiwa kuwa amepoa. Moyo wake umeguswa na maneno, haukubaki safi, na mwaka huo hapimwi. Siku ya kura waliopoa hufanywa wachota maji, wakawanyweshe wenzao walio kwenye foleni. Na aliyepoa akimweleza mwenziwe alichokisikia, basi mwenziwe naye amepoa, na msemaji ana kesi. Kwa hiyo katika nchi ile wanaojua hawachagui, na wanaochagua hawajui, na kila upande unauonea mwingine huruma.

Pandu alikuwa amepoa. Katika mtaa mzima alikuwa peke yake. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye mkono mmoja uliopinda tangu aliporushwa na punda, na akipita njiani watoto walikuwa wakipuliza vidole vyao kama mtu anayepoza uji. Sababu iliyomwingiza Nyumba ya Maneno Baridi ilikuwa vigingi. Aliamka akakuta vigingi vimepigwa kando ya mfereji wa chini, na hakuna aliyejua ni vya nani. Mfereji huo ndio ulionywesha jaruba la mpunga waliloachiwa na baba yao, yeye na Mkejina. Hawakuwa na shamba jingine. Wali wote nilioula katika nyumba ile ulitoka pale.

"Ukoo wetu haujapata kutoa mchota maji," Bi Mkejina alimwambia mbele yangu.

"Wala haujapata kutoa mtu aliyeuliza," akajibu Pandu, akaendelea kuchonga mpini.

Wagombea walikuwa wawili. Bwana Shangama alikuwa mzuri kwa sura, sina haja ya kuficha. Alikuwa na cheko lililoanza pole pole kisha likafunguka, na alipopita sokoni alimnyanyua mtoto wa muuza ndimu akamweka begani, kamasi na yote, na hakujifuta. Mtaa ulilizungumza bega lile mpaka jua likatua. Bwana Vuai alikuwa mkavu, macho yake yanatazama chini, na akisimama kusema alijikuna shingo kama mtu aliyeitwa kwa mwalimu mkuu. Nilimsikia mama mmoja akisema, "Huyu hata ukimwona kwenye harusi utauliza nani kafa."

Baada ya sala ya alasiri, siku ya Ijumaa, palifanyika mjadala wa hadhara. Desturi yao ni kwamba aliyepoa anaruhusiwa kujadili lolote, isipokuwa yale aliyoyasikia. Bwana Mdungi aliketi upande mmoja, na Pandu, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyetaka aibu ile, upande wa pili. Swali lilikuwa: moyo ni shahidi, au ni mshitakiwa?

"Mimi moyo wangu ulimpenda punda," Pandu alianza. "Nilimnunua kwa macho yake. Mkono wangu huu ndio jibu alilonipa."

Watu wakacheka. "Labda punda naye alikuchagua kwa moyo," sauti ya mwanamke ikatoka nyuma, na kicheko kikazidi.

"Sikatai. Lakini mimi nilimuuza. Rais utamuuza wapi?"

Bwana Mdungi aliungoja uwanja unyamaze. "Bwana Pandu ni msemaji mzuri," akasema. "Na awaambie vijana basi, kabla ya pembe tulikuwa na nini."

Pandu akainamisha kichwa.

"Nitawaambia mimi. Tulikuwa na pazia. Zamani mgombea alikaa nyuma ya pazia, haonekani sura wala hasikiki sauti, na Wakariri wakatutamkia makusudio yake. Tukapima neno kwa neno. Tukampata mmoja, makusudio yake yamepangika kama meno ya kitana. Tukamchagua. Siku ya kuapa pazia likafunguliwa, akatoka mtu hawezi kumtazama mwenzake machoni. Wazee wakamuuliza, barabara ile ya milimani utaianza lini? Akauliza, barabara gani? Alikuwa ameajiri mtu wa kumtungia. Hata kuyasikiliza hakuyasikiliza." Akawageukia watu. "Mtoto mdogo angemwona tu angelia. Lakini sisi tulikuwa na akili nyingi, hatukumwonyesha mtoto."

"Ni kweli," Pandu akasema. "Baba yangu alikuwa mmoja wa waliomchagua mtu yule. Alikufa anaona haya."

"Sasa unataka turudi kwenye pazia?"

"Sitaki pazia. Nataka mtu awe na masikio na macho siku ile ile."

Hapo nami, ingawa haikuwa kawaida yangu kusema kwenye mikusanyiko, nikainua mkono. Nikauliza kwa nini wasiyasikie makusudio kwanza, kisha wakamtazama mtu, kisha ndipo moyo ukaulizwa. Bwana Mdungi alinitazama kwa huruma, kama niliyeomba chumvi kwenye chai.

"Kitu kikishapoa, mama, hakipashwi moto. Hubaki na harufu."

Uwanja ukampigia makofi. Mimi nikakaa kitako. Nilikuwa nikifikiri habari ya istikhara. Kwetu mtu akitatizwa na jambo huswali istikhara, akamwomba Mungu amwelekeze. Lakini hakuna anayeswali istikhara kujua kama amwibie jirani. Kwanza unauliza, unashauriana na wenye kujua, unapima. Ukifika ukingoni mwa akili yako, hapo ndipo unamwachia Mungu. Watu wa Mtimani walikuwa wameanzia ukingoni.

Jioni ile Pandu alinikuta uani nikifua.

"Dada mgeni," akasema, macho yake yakitazama kamba ya nguo, "umewahi kuingia Nyumba ya Maneno Baridi?"

"Bado."

"Ni pahala pazuri. Pana kivuli. Mtu anapumzisha miguu."

Kisheria hakuwa amesema kitu. Kesho yake nikaenda kupumzisha miguu. Mkariri alikuwa kijana mwenye uso kama mlango uliofungwa. Akanitamkia makusudio ya Bwana Vuai: mfereji wa chini utaachwa, kingo zake zitajengwa kwa mawe, na kila nyumba itatoa mtu wa kubeba mawe. Akanywa maji. Kisha, kwa sauti ile ile, makusudio ya Bwana Shangama: mfereji wa chini utafungwa, maji yatapandishwa mjini, patakuwa na bustani na maji ya kuruka juu kwa ajili ya kuburudisha macho, na watu wa bondeni watahimizwa kuwa na subira.

"Vile vigingi," nikamuuliza, "ni vya nani?"

"Maswali hayakaririwi, mama," akasema.

Nilirudi nikamkuta Bi Mkejina amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Nikamwambia yote. Nilikuwa upepo, sikumpoza wala sikujitia hatiani. Aliendelea kukuna huku anasikiliza, mpaka nikamshika mkono, maana alikuwa amekwisha kufikia kifuu.

"Yule?" akasema. "Aliyembeba mtoto wa muuza ndimu?"

"Huyo huyo."

"Anacheka vizuri."

"Anacheka vizuri, dada."

"Mfereji wetu?"

"Wenu."

Akaikung'uta kanga yake, akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata shauri, "Basi nitampa Vuai."

"Hutoi wewe," Pandu akasema kutoka mlangoni. "Kinatoa kifua."

Hapo ndipo tulipoielewa shida yetu sote watatu. Bi Mkejina alikuwa anajua sasa, na kujua kwake hakukuwa na pa kupita. Tukaanza kumfundisha kifua chake. Mimi nilimfundisha kuvuta pumzi kwa dhikri, taratibu, aivute kwa jina moja na kuiachia kwa jingine, kama nilivyofanya siku za eda yangu usingizi ulipokataa. Pandu alikuwa na mbinu nyingine.

"Akipita Vuai, fikiria nyoka," akamwambia. "Akipita Shangama, fikiria uji wa jana."

"Nyoka wa aina gani?"

"Unayemwogopa."

"Namwogopa fira."

"Basi fira. Anaingia kitandani."

"Ee Pandu, nitapiga kelele ukumbini."

"Usipige. Dunda tu."

Pandu akajitanda shuka begani, akapita mbele ya kigoda akijikuna shingo, kuwa ndiye Vuai, nami nikaweka kiganja kifuani kwa mama wa watu. Kisha akarudi kama Shangama, akitabasamu kwa meno machache aliyokuwa nayo, akaunyanyua mtungi wa maji akaubusu. Bi Mkejina alicheka mpaka machozi yakamtoka. Nami nilicheka. Tulirudia siku zote zilizobaki, na kila siku fira akadunda vizuri na uji wa jana ukatulia. Nilikuja kuona haya baadaye nilipokumbuka tulivyofurahi. Mwanamke mtu mzima alikuwa akifundishwa kumfikiria nyoka ili aweze kumpa kura mtu aliyeutetea mpunga wake, na hakuna kati yetu aliyeliona jambo hilo kuwa ni msiba.

Siku ya kura tulipanda ngazi za ukumbi pamoja. Foleni ilikuwa ndefu na jua kali. Pandu alikuwa akipita na ndoo na kata, akiwanywesha watu, na watu walikunywa bila kumtazama. Vijana wa Bwana Shangama walikuwa wakitembea kwenye foleni wakiuliza watu hali. Waliuliza majina pia, na kazi, na habari za nyumbani, kwa upole sana. Bi Mkejina aliwajibu. Mimi niliwajibu. Mtu akikusalimu vizuri utamnunia?

Ukumbini palikuwa kimya. Bi Mkejina akaketi kigodani, Msikilizi akamwekea pembe. Mimi nilikuwa nyuma yake, wa pili, na Pandu alikuwa amesimama karibu na nguzo na ndoo yake.

Akapita Bwana Vuai. Alisimama, akajikuna shingo, akasema, "Salama?" akitazama sakafu. Nilimwona Bi Mkejina akifumba macho, na nilijua yuko na fira wake. Alijitahidi. Mshipa wa shingo ulionekana. Lakini mtu yule alikuwa mpole kiasi kwamba hata nyoka alitulia mbele yake.

Akaja Bwana Shangama. Bi Mkejina akafumbua macho, midomo yake ikicheza kwenye dhikri niliyomfundisha. Shangama alimsogelea, akainama kidogo, kama mtu anayemsalimu shangazi yake.

"Bi Mkejina, hujambo?" akasema. "Mpunga umeshachanua kule bondeni?"

Ilikuwa ni hivyo tu. Kanga ya Bi Mkejina ilitikisika kifuani kama kuna ndege ndani yake. Sikuhitaji pembe, niliona kwa macho. Msikilizi akainua kichwa, akasema kwa sauti ya kazi, "Shangama." Kokoto ikaanguka chunguni. Pandu alikuwa ameshika kata yenye maji, na maji yalikuwa yakimwagika viatuni mwake.

Bi Mkejina akainuka akapita mbele yangu. Alikuwa ameinamisha uso, akajifunika ukaya mpaka machoni.

Zamu yangu ikafika. Namshukuru Mungu kwa mengi, lakini siku ile nilikuwa nimemshukuru mapema mno. Nilipokuwa naketi nilijiambia, mimi sina mfereji hapa, sina jaruba, wala simwogopi mtu. Nimeyasikia maneno ya wote wawili kwa masikio yangu. Moyo wangu ni mzee, umekwisha kuzika, utadunda kwa lipi? Nilikuwa na hakika hiyo Bwana Vuai alipopita, na nilimwitikia salamu yake moyoni, nikamwona kuwa ni mtu mwema. Kifua changu kikamwona hivyo hivyo, kimya, kama sufuria iliyoepuliwa.

Bwana Shangama akasimama mbele yangu. Hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyechelewa kurudi nyumbani.

"Mama," akasema, "umetoka mbali. Umekula?"

Marehemu mume wangu alikuwa na neno hilo. Alikuwa hajavua viatu, hajaweka mzigo chini, ananiuliza kama nimekula. Tangu nilipomzika hakuna mtu aliyeniuliza hivyo akingoja jibu. Nilivuta pumzi ya dhikri, nikaivuta tena, na wakati huo wote moyo ulikuwa umekwisha kuondoka. Niliusikia mwenyewe masikioni. Msikilizi hakuchukua muda.

"Shangama."

Nilipokuwa nashuka ngazi nilimsikia Bwana Shangama akimuuliza bibi mmoja aliyekuwa nyuma yangu, aliyetoka nchi nyingine, "Mama, umetoka mbali. Umekula?"

Mbiu ilipigwa kabla ya magharibi. Bwana Shangama ameshinda. Mjini walipiga ngoma, na hata mtaani kwetu, bondeni kule kule, walipika pilau. Niliwatazama watu niliowajua, waangalifu, wasionunua samaki bila kumfunua mashavu, wakikumbatiana. Nao walikuwa na furaha ya kweli. Mtu mmoja aliniambia ameisikia kokoto yake ikianguka na mwili ukamsisimka.

Tulirudi nyumbani, tukaswali, Bi Mkejina akapakua wali wa jaruba lao akauweka kati. Pandu hakunawa mikono.

"Ilikuwa hofu," Bi Mkejina akasema. "Wallahi, kaka. Alipotaja mpunga niliuona mfereji umekauka. Kiliruka kwa hofu kifua hiki."

"Hofu tupu?"

Aliuparua wali kwa kijiko, akausawazisha, akauparua tena.

"Alinijua jina," akasema, kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yake. "Miaka yote nimelima pale, hakuna mkubwa aliyewahi kunijua jina." Kisha akajifunika uso kwa ukaya.

Pandu akanigeukia mimi. Hakuwa na hasira. Ningeona nafuu kama angekuwa nayo.

"Na wewe, dada? Wewe mpunga si wako. Alikutisha kwa lipi?"

Ningeweza kusema ni joto. Ningeweza kusema ni ngazi, na ngazi zilikuwepo kweli, ndefu, na mimi ni mtu mzima. Maneno ya mgeni ni upepo, asingeweza kunishitaki kwayo. Lakini nilikuwa nimetoka mkekani pa sala, na Pandu alikuwa ameiacha kura yake ili ajue, akanituma niseme, nami nilijua vyote alivyovijua yeye.

"Hakunitisha," nikasema. "Aliniuliza kama nimekula."

Alinitazama. Halafu akamtazama dada yake chini ya ukaya, kisha akaitazama ile sahani ya wali iliyokuwa kati yetu. Bi Mkejina akamsogezea maji ya kunawa. Pandu akainuka, akavaa viatu vyake vilivyokuwa bado vimelowa, akatoka bila kuonja wali.